Moyo Unaoharibiwa na Koo: Ushauri kwa Wazazi wa Tandahimba na Newala

Mtu akisikia ugonjwa wa moyo, fikra zake humwendea mzee mwenye presha. Upo ugonjwa mwingine wa moyo ambao huanza mtoto akiwa darasa la pili au la tatu, ukajificha miaka kumi, hata ishirini, kisha ukaibuka siku binti huyo ana mimba ya miezi sita na hawezi tena kupandisha ndoo ya maji kutoka bondeni. Ndugu watasema amerogwa, au ana pumu, au ni udhaifu wa mimba ya kwanza. Kumbe valvu za moyo wake ziliharibika zamani, na kilichoziharibu ni maumivu ya koo ambayo hakuna aliyeyatilia maanani.

Wataalamu wanauita ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Wengine husema homa ya baridi yabisi. Nimeamua kuwaandikia wazazi wa Tandahimba, na majirani zao wa Newala na Masasi, kwa sababu karibu kila kinachomweka mtoto katika hatari ya ugonjwa huu tunacho huku kwenye uwanda wa Makonde: watoto wengi katika chumba kimoja, zahanati ya mbali, na mazoea ya kuliacha koo lijiponee lenyewe. Na karibu kila kinachouzuia tunacho pia, kwa gharama isiyofikia bei ya kilo chache za korosho.

Tuanze na chanzo. Kuna bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Makazi yake ni koo na ngozi ya binadamu, na husambaa kwa matone ya mate mtu anapokohoa, anapopiga chafya, hata anapoongea karibu sana na mwenzake. Akimwingia mtoto humletea mafindofindo, zile tonsesi zilizovimba na kuwa nyekundu. Baada ya siku nne au tano koo hupoa hata bila dawa, na hapo ndipo wazazi tunapodanganyika. Mwili umeshatengeneza kingamwili za kumwangamiza bakteria, lakini baadhi ya protini za bakteria huyo zinafanana mno na protini za moyo na viungo vya mtoto mwenyewe. Kwa baadhi ya watoto kingamwili hushindwa kutofautisha. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, mtoto akiwa ameshasahau kama aliumwa, zinageukia magoti, vifundo vya miguu, ubongo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki.

Kwenye magoti haiachi alama. Kwenye moyo inaacha kovu. Moyo una valvu nne, nazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu ili damu iende mbele isirudi nyuma. Inayoumia zaidi ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, ikifuatiwa na ya aota. Kovu likikomaa, mlango hauzibi na damu inarudi ilikotoka, au unakakamaa haufunguki sawasawa na damu inarundikana nyuma mpaka kwenye mapafu. Lakini mara nyingi shambulio moja halitoshi kuimaliza valvu. Mtoto anaugua tena koo, homa inarudi, kovu linaongezeka juu ya kovu. Marudio hayo ndiyo yanayoua, na ndiyo yanayozuilika kwa urahisi kuliko jambo lolote nitakaloeleza hapa.

Kati ya watoto 100 wenye mafindofindo ya streptokoka yasiyotibiwa, hawazidi watatu wanaofikia homa ya rumatiki. Idadi inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba mtoto mmoja anaweza kuumwa koo mara nyingi kabla hajafika miaka 15, na darasa moja la shule zetu lina watoto wangapi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa Kambodia na wa Maputo, mji mkuu wa majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Madaktari walipotumia kifaa cha kusikiliza moyo peke yake, huko Maputo waliwapata wagonjwa kama wawili katika kila watoto 1,000. Walipowapima kwa ECHO, kile kipimo kinachoonyesha moyo unavyopiga kwenye kioo, idadi ikaruka hadi 30 katika kila 1,000. Watoto hao walikuwa wanakimbia uwanjani kama wenzao. Hapa kwetu, utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa 427 ambao moyo umeshindwa kazi, ulikuta kwamba takriban mmoja kati ya wanane alifikishwa hapo na ugonjwa huu. Duniani kote watu zaidi ya milioni 40 wanaishi nao.

Nani basi yumo hatarini zaidi? Umri ndio wa kwanza: miaka 5 hadi 15. Chini ya miaka mitatu homa ya rumatiki ni nadra, na mtu mzima asiyewahi kuipata si rahisi aipate kwa mara ya kwanza.

La pili ni msongamano, na hapa nitakaa kidogo, maana ndilo tunaloweza kulibadilisha bila daktari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani lilisumbuliwa sana na homa ya rumatiki kwenye kambi za mafunzo. Wale hawakuwa maskini wenye njaa. Walikuwa vijana wenye afya, wanaokula vizuri, ila walilazwa vitanda vikiwa vimebanana. Katika kambi ya Warren, jimbo la Wyoming, mwishoni mwa miaka ya 1940, ndipo madaktari walipothibitisha kwamba mwenye mafindofindo akipewa penisilini mapema, homa ya rumatiki haifuati. Lakini hata kabla ya penisilini kupatikana, ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua katika nchi za Ulaya, kwa sababu watu walipata nyumba kubwa zaidi, na watoto wakaacha kulala wanne kitanda kimoja.

Sasa tujitazame. Fedha za korosho zimefanya kazi Tandahimba. Nyumba za bati na matofali zimezidi Mahuta, Kitama, Luagala na kwingineko. Ila ingia ndani uhesabu. Sebule ni pana, ina makochi na televisheni, na watoto watano wanalala chumba kimoja chenye dirisha dogo lililozibwa na kabati. Mnada ukilipa vizuri mwaka huu na ukataka kuongeza kitu kwenye nyumba, kwa maoni yangu chumba cha pili cha watoto kitangulie kabla ya geti la chuma. Na kama huna uwezo huo, walaze watoto kichwa huku na miguu kule, fungua madirisha mchana kutwa, na anayeumwa koo alale kando siku mbili za kwanza za dawa. Akishameza antibiotiki kwa siku nzima, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana.

Wapo wanaoulaumu upepo wa Newala, ule wa Juni na Julai unaopita mifupani. Baridi yenyewe haizai bakteria. Inachofanya ni kutufungisha madirisha na kuwakusanya watoto chini ya blanketi moja, na hapo streptokoka anahama kutoka koo hadi koo. Kumvalisha mtoto sweta ni jambo jema, lakini sweta halizuii homa ya rumatiki.

Msimu huo huo wa baridi ndio wa kupulizia salfa mikorosho, na huku kwetu salfa imekuwa kisingizio cha kila kikohozi. Ni kweli vumbi lake huwasha macho na koo. Lakini salfa huwasha yule aliyekuwa nayo karibu, humletea kikohozi na machozi, na haimletei homa kali wala kumvimbisha tezi chini ya taya. Mtoto aliyeshinda shuleni, akarudi na homa, koo linauma hata kumeza mate hawezi, wala hakohoi, usimwambie ni salfa. Huyo mpeleke zahanati.

Jando na unyago navyo vinagusa jambo hili. Sisemi viachwe. Nasema kumbi ni mahali pa watoto wengi wa umri ule ule wa hatari, wanalala pamoja wiki kadhaa na wanashirikiana kopo la maji. Wajomba, ninyi ndio wenye kauli hapo: mtoto anayeumwa koo asiingizwe kumbini mpaka atibiwe, na msimamizi ajue la kufanya wawili watatu wakianza kulalamika koo kwa pamoja. Mabweni ya sekondari yana hatari ile ile, na kule hakuna mjomba wa kumuuliza. Matroni anayelisoma hili ajue kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili anayeumwa koo na ana homa hafai kupewa panadoli mbili na kurudishwa darasani.

Maji nayo yamo. Uwanda wetu una mchanga unaomeza mvua yote, chemchemi ziko chini kwenye kingo za mwinuko, na maji ya bomba yanasukumwa kutoka visima vya Mitema. Maji yakipungua, kuoga kunapungua, upele unashamiri, na vidonda vya ngozi vinaingiliwa na streptokoka yule yule. Vidonda hivyo vinajulikana kuharibu figo, na ukiona uso wa mtoto umevimba na mkojo una rangi ya chai usisubiri. Wataalamu wengi wanaamini huchangia homa ya rumatiki pia. Kutibu upele wa nyumba nzima kwa siku moja kuna faida kuliko tunavyodhani.

Halafu kuna damu ya ukoo. Uchunguzi wa mapacha ulionyesha kwamba mmoja wa mapacha wa kufanana akipata homa ya rumatiki, mwenzake naye huipata katika asilimia 44 ya jozi. Kwa mapacha wasiofanana ni asilimia 12. Maana yake mwelekeo wa kuugua unarithiwa, ingawa ugonjwa wenyewe haurithiwi. Hii inaeleza kwa nini nyumba moja inaweza kuwa na ndugu wawili wenye moyo mbovu na jirani asiwe na hata mmoja. Watu wakiona hivyo huanza kutazamana vibaya na kutafuta nani kawaroga. Tafuta ECHO kwanza. Mtoto wako mmoja akigundulika, ndugu zake wote nao waangaliwe, na kila koo linalouma katika nyumba hiyo litibiwe bila mjadala. Wanawake, kwa upande wao, huathirika zaidi kuliko wanaume, huenda kwa kuwa wasichana ndio wanaolea wadogo zao na kukaa nao karibu muda wote.

Lakini aliye hatarini kupita wote ni mtoto ambaye homa ya rumatiki imeshampata mara moja. Nitamrudia.

Kwanza koo lenyewe. Sehemu kubwa ya maumivu ya koo huletwa na virusi na hayahitaji antibiotiki. Mtoto anayetiririka kamasi, anayekohoa, mwenye sauti iliyokauka na macho mekundu, kwa kawaida ana mafua tu. Mshuku streptokoka pale koo linapoanza ghafla, na homa, na maumivu ya kumeza, na tezi za shingo zinazouma ukizigusa, na tonsesi zenye madoa meupe ya usaha, bila kikohozi. Zahanati nyingi hazina kipimo cha kuotesha bakteria, kwa hiyo mhudumu anaamua kwa dalili hizo, na ni sawa kufanya hivyo. Tiba ni sindano moja ya benzathini penisilini, au amoksilini ya kumeza kwa siku 10. Ukiwahi ndani ya siku tisa tangu koo lianze, unaizuia homa ya rumatiki.

Siku 10 ni siku 10. Hapa ndipo tunapoanguka. Mzazi anaingia duka la dawa muhimu, ananunua kapsuli kumi za rangi mbili badala ya dozi nzima, mtoto anapata nafuu siku ya tatu, zilizobaki zinawekwa juu ya kabati za mtu mwingine atakayeumwa. Bakteria amepungua, hajaisha. Kama unajijua kwamba hutaweza kumsimamia mtoto kwa siku zote hizo, hasa wakati wa kuokota korosho ambapo unaondoka alfajiri, omba sindano. Inauma, lakini inamaliza kazi siku ile ile. Na usikubali kupewa septrini wala tetrasaiklini kwa mafindofindo. Hazifai kumwondoa bakteria huyu. Kama mtoto ana mzio wa penisilini, sema mapema, ipo dawa nyingine.

Kukata kimeo hakutibu chochote. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakina hatia, na wembe wa mkata vimeo umewatoa watoto damu mpaka kufa. Maji ya chumvi ya kusukutua na asali vinatuliza maumivu. Vitumike pamoja na dawa, visichukue nafasi yake.

Dalili za homa ya rumatiki zenyewe huja kwa namna inayopotosha. Goti linavimba na kuuma hata shuka likiligusa, kesho kutwa goti limepoa na kifundo cha mguu wa pili ndicho kinachouma, kisha kiwiko. Maumivu yanayohama hivyo kwa mtoto mwenye homa ni dalili kubwa. Nyumbani tunasema ameanguka kwenye mpira, au mifupa inakua, au malaria. Kwa mtoto mwenye selimundu tunadhani ni ile ile. Kosa linalofuata ni diklofenaki ya dukani: uvimbe unayeyuka kwa siku moja, na mganga wa kituo cha afya akimwona mtoto haoni kitu. Ukiona viungo vinavimba kwa kuhama, mpeleke kabla ya kumtuliza kwa dawa za namna hiyo, au angalau mweleze mganga ulichompa na lini.

Dalili nyingine inawahusu walimu. Miezi kadhaa baada ya koo, mtoto, mara nyingi msichana, anaanza kurusharusha mikono bila kutaka, anadondosha vikombe, anakunja uso, mwandiko unaharibika, analia kwa jambo dogo. Akilala usingizi mtikisiko unakoma. Nyumbani wanaita mapepo na kumpeleka kwa fundi. Darasani anachapwa kwa kuandika vibaya. Huyu ubongo wake umeguswa na homa ya rumatiki. Mtikisiko huo utaisha wenyewe, lakini moyo wake unaweza kuwa unaharibika wakati huo huo, na yeye anahitaji ECHO kuliko anavyohitaji maombi au bakora.

Niongeze jambo kwa wazazi wanaojilaumu. Karibu theluthi ya wagonjwa hawakumbuki kabisa kuumwa koo. Bakteria alipita bila kelele. Kwa hiyo mtoto wako akigundulika, usianze kutafuta ni siku gani ulizembea. Anza kuhesabu wiki.

Ndiyo, wiki. Mtoto aliyepata homa ya rumatiki mara moja, akishambuliwa tena na streptokoka, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa mara nyingi kuliko wa mtoto mwingine. Kinga yake ni sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki nne, wengine kila wiki tatu, awe anaumwa au haumwi. Dawa hii hukaa ndani ya msuli na kuvuja polepole, na ikipita wiki nne kiwango chake kinashuka hadi bakteria anapata upenyo. Kwa watu walioathirika valvu, sindano huendelea kwa miaka 10 au zaidi, wengine hadi umri wa miaka 40.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, walichaguliwa watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao ECHO ilionyesha dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa, wenyewe wakiwa hawajisikii lolote. Nusu walidungwa sindano kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakudungwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Miongoni mwa waliodungwa, ugonjwa ulizidi kwa watoto watatu. Miongoni mwa wasiodungwa, ulizidi kwa watoto 33. Sijui dawa nyingi za bei ya chini kiasi hiki zinazoleta tofauti kubwa kiasi hicho.

Shida ni kuishikilia ratiba. Miaka 10 ni sindano kama 130, na mtoto anajiona mzima. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, familia nzima inahamia shambani na kadi inabaki kijijini. Panga mapema: zungumza na zahanati iliyo karibu na shamba, kadi iwe pamoja na daftari la chama cha msingi unalolilinda kama mboni ya jicho, na tarehe ijulikane na mtu zaidi ya mmoja, maana mama akisafiri bibi asipojua, mwezi huo umepotea. Mtoto akienda sekondari ya bweni, barua ya daktari iende pamoja na sanduku. Akienda kumbini, msimamizi apewe tarehe. Akihamia Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kama wasichana wetu wengi wanavyofanya, mwajiri ajue kwamba siku moja kila wiki nne ni ya hospitali.

Kuna aibu ambayo watu hawaisemi waziwazi. Sindano hii ndiyo ile ile wanayopewa wajawazito wenye kaswende. Msichana wa miaka 16 akionekana anadungwa kila mwezi, maneno yanaanza. Wahudumu wa afya wawe waangalifu na midomo, na wazazi wamweleze binti na mchumba wake kwa nini anadungwa. Upande mwingine wa jambo hilo una heri: kwa kuwa dawa ipo kwa ajili ya kliniki ya wajawazito, zahanati nyingi zinaifahamu na zinajua kuidunga.

Kuhusu hofu ya kufa kwa sindano: mzio mkali wa penisilini upo, ni nadra, na mhudumu anapaswa kumuuliza mtoto historia yake na kumweka pale kwa muda baada ya kumdunga. Mtoto ale na anywe maji kabla, alale kitandani badala ya kusimama, dawa isukumwe taratibu. Maumivu hupungua ikichanganywa na dawa ya ganzi, uliza. Kwa mgonjwa ambaye valvu zake zimeharibika vibaya na moyo umeshachoka, madaktari siku hizi huweza kupendelea vidonge badala ya sindano, na huo ni uamuzi wa daktari wa moyo.

Sasa mabinti na wake zetu. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha. Ndiyo maana mwanamke aliyekuwa anajiona mzima huanza kuzidiwa kati ya mwezi wa tano na wa saba. Akihema kwa kazi ndogo, akishindwa kulala bila mito mitatu, akikohoa usiku, akivimba miguu kuliko wenzake, moyo ukimwenda mbio, asiambiwe ni kawaida ya mimba. Aende Tandahimba au Newala kwenye hospitali ya wilaya, na akipewa rufaa kwenda Ndanda, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mtwara, ndugu watafute nauli siku hiyo hiyo. Aliyejulikana kuwa na ugonjwa huu apange uzazi pamoja na daktari kabla ya kushika mimba, na kila mtoa huduma wa uzazi wa mpango aambiwe, kwa kuwa baadhi ya vidonge vinaongeza hatari ya damu kuganda. Meno yake yatunzwe pia. Bakteria wa jino bovu huweza kuhamia kwenye valvu yenye kovu.

Valvu ikishaharibika sana, kazi inahamia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili. Zamani wagonjwa wa namna hii walipelekwa India. Leo valvu iliyobana hupanuliwa hapa nchini kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa damu, na iliyokwisha hubadilishwa kwa upasuaji. Ni hatua kubwa, ila haimfanyi mtu kuwa kama hakuwahi kuugua. Valvu ya chuma inadai warfarini kila siku maisha yote, na kipimo cha damu mara kwa mara, na kukifuata kipimo hicho kutoka Tandahimba ni safari. Warfarini inaweza pia kumdhuru mtoto aliye tumboni. Valvu ya tishu haina masharti hayo, lakini kwa kijana huchakaa mapema na upasuaji unarudiwa. Ukilinganisha na sindano ya kila wiki nne, utaona wapi pa kuweka nguvu.

Mwezi Mei 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, Tanzania ikiwemo, zilipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huu. Maazimio ya Geneva hayafiki Litehu au Mihambwe yenyewe. Yanafika pale madiwani wanapouliza kwenye kikao cha halmashauri kwa nini benzathini imekosekana zahanati fulani miezi miwili, na pale sehemu ya ushuru wa korosho inapolipia wiki moja ya ECHO kwa wanafunzi wa shule za msingi. Waulizeni, hasa mwaka wa uchaguzi.

Na wewe mzazi, kama kuna mtoto nyumbani mwenye kadi ya sindano, itafute leo usome tarehe ya mwisho. Ikiwa wiki nne zimepita, usisubiri siku ya mnada. Mpeleke kesho asubuhi.